Je, wajua kwa nini ndege wengine wa msituni wanashindwa kuvuka barabara tu?

Tukisikia msitu wengi tunawaza miti basi, ila kwa ndege wanaoishi kule chini, kuanzia ardhini hadi mita chache juu, kinachohesabika ni matabaka na kivuli. Kwenye misitu minene ya tropiki mwanga wa jua unaofika chini ni kama asilimia 1 au 2 hivi, joto halipandi ovyo na unyevu haukauki, na ndege wa huko miili yao imezoea hivyohivyo, wengi macho makubwa, mabawa mafupi ya mviringo ya kupenya penya kwenye vitawi na siyo ya safari ndefu. Hata sauti zao, majani yanavunja sauti nyembamba kwa hiyo wengi wanaimba kwa sauti nzito ya kuvuta.

Mwaka 1961 watafiti Robert MacArthur na John MacArthur walionyesha kwamba wingi wa aina za ndege unaendana zaidi na jinsi majani yalivyojipanga kuanzia chini hadi juu kuliko na wingi wa aina za miti. Mimi hili ndo naona watu wanalisahau sana, tunahesabu miti wakati ndege anaangalia majani yako wapi.

Cheki Amazon kuna ndege kazi yao kubwa ni majani makavu yaliyojikunja na kunasa kwenye mimea inayotambaa, anaingiza mdomo ndani anachomoa panzi au buibui, sasa ukifyeka ile mimea miti yote imebaki lakini chakula chake kimeondoka.

Na barabara je? Pale kuna mwanga mkali, joto na hakuna pa kujificha, wengi hawathubutu, na wengine hata nguvu ya kuruka mbali hawana. Kwenye ziwa Gatun huko Panama watafiti waliwaachia ndege wa msituni mita 100 tu kutoka ufukweni na baadhi wakadondokea majini. Karibu na Manaus, Brazili, ambako tangu 1979 watafiti wanafuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 vilivyotengwa baada ya msitu wa pembeni kufyekwa, ndege wanaofuata siafu ili wale wadudu wanaowakimbia walitoweka mapema kwenye vipande vidogo, halafu miti michanga ilipoota tena pembeni baadhi ya ndege wakarudi.

Ila usidhani kijani kingi chini ni kizuri kwa wote. Wakikata miti mikubwa jua linaingia, vichaka vinafumuka, wanyonya nekta wanafurahi, huku wale wanaotembea wakipekua majani ardhini wanakosa pa kupita na wanapungua.