Je, wajua kwa nini programu ya nyuzi nyingi inaweza kukimbia kwenye kori moja bila kulalamika?

Umeandika programu ya C inayokokotoa pai kwa kujumlisha vipande bilioni moja. Kompyuta yako ina kori nne, yaani sehemu nne za prosesa zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Juu ya kitanzi umeweka mstari mmoja wa OpenMP, mfumo wa maagizo ya kugawa kazi kati ya nyuzi (njia za utekelezaji zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja):

#pragma omp parallel for reduction(+:jumla)

Unaikompaili, yaani unaigeuza kuwa lugha ya mashine, inakubali. Unaiendesha, inatoa 3.14159 sawasawa. Ila muda ni ule ule wa jana, kabla hujauweka mstari huo. Ukifungua `top`, inayoonyesha kila programu inatumia prosesa kiasi gani, kwenye dirisha la pili, unaona programu yako iko kwenye asilimia 100. Kori zote nne zingekuwa kazini, namba hiyo ingekaribia 400. Tatu zimekaa bure, na hakuna aliyekuambia neno.

Tatizo liko kwenye amri uliyotumia:

gcc -O2 pai.c -o pai

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini lazima pawepo wa kuisikia. Mstari wa `#pragma`, yaani agizo kwa kompaila, ni mbiu, na gcc (kompaila yetu) isiyopewa swichi ya `-fopenmp` haiisikii. Kiwango cha lugha ya C kinasema kompaila ikikuta pragma isiyoitambua, iiruke. Basi inairuka, na kitanzi chako kinabaki kitanzi cha kawaida. Ukiongeza `-Wall` angalau utapata onyo kwamba pragma imepuuzwa; ndiyo maana sikompaili kitu bila `-Wall`.

Huu si uzembe wa waliotunga OpenMP. Toleo la kwanza, la mwaka 1997, lilikuwa la lugha ya Fortran, na maagizo yake yaliweza kuanza na `!$OMP`. Katika Fortran, alama ya mshangao ndiyo inayoanzisha maelezo ya pembeni ambayo kompaila haiyasomi. Kwa maneno mengine, agizo la kuwaita wafanyakazi wote liliandikwa mahali pa maelezo, kwa makusudi, ili faili lile lile likubalike kwenye mashine yenye prosesa nyingi na kwenye mashine isiyoijua OpenMP kabisa. Toleo la C na C++ lilifuata 1998 kwa nia ile ile. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa gharama yake ndiyo huo ukimya.

Sasa tuitazame swichi yenyewe inafanya nini, maana hapa ndipo penye utamu. Kompaili peke yake, bila kuunganisha:

gcc -O2 -fopenmp -c pai.c

Halafu andika `nm pai.o`, amri inayoorodhesha majina yaliyomo kwenye faili lililokompailiwa. Kwenye orodha utaona jina ambalo hukuliandika wewe, mfano `main._omp_fn.0`. Huo ni mwili wa kitanzi chako: gcc imeukata kutoka ndani ya `main` na kuufanya funksheni inayojitegemea, ili kila uzi uweze kuiita. Pale ulipokuwa, imeweka wito kwa `GOMP_parallel`. Jina hili la pili lina herufi U kando yake, maana yake limetajwa lakini mwili wake haumo humu. Mwili uko kwenye libgomp, maktaba ya GCC inayoanzisha nyuzi na kuzikusanya kazi ikiisha.

Kuutafuta mwili huo ni kazi ya linka, yaani kiunganishi. Linka haisomi C. Haioni pragma wala haijui ulitumia swichi gani dakika moja iliyopita, kwa sababu kila amri ya gcc huanza upya. Ukiandika `gcc pai.o -o pai`, itakujibu:

undefined reference to `GOMP_parallel'

Wengi wakiliona kosa hili hurudi kukagua kitanzi chao mstari kwa mstari. Kitanzi hakina kosa. Kinachotakiwa ni kuirudia swichi ile ile wakati wa kuunganisha: `gcc -fopenmp pai.o -o pai`. Usiandike `-lgomp` kwa mkono. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na maktaba ikitangulia faili linaloihitaji, yaweza kuachwa. Kwa `-fopenmp`, gcc yenyewe huiweka mahali pake.

Kuna kisa cha kinyume, na ndicho ninachokiogopa zaidi: swichi iko kwenye kuunganisha tu, kwenye kukompaili haipo. Hutokea sana kwenye Makefile (faili la maelekezo ya kujenga programu) ambayo mtu ameijaza LDFLAGS, swichi za kuunganisha, akaisahau CFLAGS, swichi za kukompaili. Programu inaunganika vizuri. Ukiiuliza `omp_get_max_threads()`, inajibu 4, kwa sababu maktaba ipo na inazihesabu kori kweli. Hata `ldd`, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazitegemea, inaionyesha libgomp. Na bado kitanzi kinakimbia kwenye uzi mmoja, kwa kuwa hakikukatwa hata kidogo. Ushahidi wote unaonekana mzuri isipokuwa saa.

Kinga yake ni mistari mitatu juu ya faili:

#ifndef _OPENMP
#error "Umesahau swichi ya OpenMP"
#endif

Jina `_OPENMP` hutangazwa na kompaila pale tu inapokuwa imewashiwa OpenMP, kwa hiyo programu isiyo na swichi haitakompailika kabisa. Kwa wanaotumia CMake, zana ya kujenga programu, kuanzia toleo la 3.9 unaandika `find_package(OpenMP REQUIRED)` kisha unaiunganisha programu na `OpenMP::OpenMP_C`, nayo hubeba swichi za hatua zote mbili. Kompaila nyingine zina majina yao: Visual Studio hutumia `/openmp`, ya Intel `-qopenmp`, na clang ya Apple huhitaji `-Xpreprocessor -fopenmp` wakati wa kukompaili na `-lomp` wakati wa kuunganisha, baada ya kuisakinisha maktaba hiyo mwenyewe.

Ukishaijenga upya, ipime mara mbili:

time OMP_NUM_THREADS=1 ./pai
time OMP_NUM_THREADS=4 ./pai

Muda ukilingana, rudi kwenye `nm pai.o` utafute `GOMP_parallel`. Isipokuwemo, swichi haikufika kwa kompaila.