Jibu umelipata kwenye simu, ila umelielewa?

Kuna swali moja huwa nawauliza wanafunzi wakishamaliza kusoma usanisinuru, na nimeliuliza madarasa mengi mpaka jibu lake nimelizoea. Nabeba kipande cha gogo, kizito kweli, nakiweka mezani nauliza, huu mti ulianza kama mbegu ndogo tu, sasa uzito wote huu umetoka wapi? Darasa zima utasikia udongo, udongo! Wachache wanaongezea maji au mbolea. Na hao hao ukifungua madaftari yao ya wiki iliyopita wameandika vizuri kabisa kwamba mmea unachukua hewa ukaa na maji, unatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, tena kwa maneno yaliyonyooka mpaka unajua tu yametoka intaneti moja kwa moja.

Zamani nilikuwa naona ni uvivu. Sasa hivi naona tofauti, na ndo maana naandika hapa kwa wazazi na walimu wenzangu. Hawa watoto jibu walikuwa nalo tena limeandikwa kwa mkono wao, tatizo ni kwamba jibu hilo halikugusana na kitu chochote walichokuwa wanakijua. Kichwani kwao hewa ni kitu kisicho na uzito, sasa ukiwaambia mti mzima umejengwa kwa sehemu kubwa na hewa hiyo sentensi inaelea tu juu juu, inasubiri mtihani, mtihani ukipita nayo imekwenda.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, David Ausubel, alilifanyia kazi sana jambo hili miaka ya 1960. Alitofautisha kukariri na kujifunza kwenye maana, yaani pale jambo jipya linapojishikiza kwenye jambo la zamani, na akasisitiza kwamba kinachoamua zaidi mtu atajifunza nini ni kile anachokijua tayari, kwa hiyo mwalimu akitafute hicho kwanza. Sio kwamba kukariri ni dhambi jamani, jedwali la kuzidisha likariri tu litakusaidia maisha yako yote. Ila ukikariri usanisinuru bila kuuliza hewa ina uzito au haina, hujasoma usanisinuru.

Sasa simu inaingia wapi? Tulizoea kusema watoto wa siku hizi teknolojia wamezaliwa nayo, hili wazo lilienea sana tangu mwaka 2001 mwandishi wa Marekani Marc Prensky alipowaita wenyeji wa dunia ya kidijitali, na mimi mwenyewe nililibeba miaka mingi bila kulihoji. Ni kweli vidole vyao vina kasi, kutuma video, kubadilisha mipangilio, hapo hata mimi wananifundisha. Lakini kaa pembeni ya mwanafunzi anasachi kazi ya shule uangalie anachofanya. Anaandika swali kama lilivyo kwenye daftari, anabofya linki ya kwanza, anakopi aya ya kwanza, basi. Na kibaya zaidi swali lenyewe likiegemea kosa, intaneti inamletea kosa lake lile lile limepambwa. Mtoto anayeamini mti unakula udongo atasachi ni udongo gani unaukuza mti uwe mkubwa, ataletewa kurasa mia za udongo, zote za kweli, na hakuna hata moja itakayomwambia umeuliza sio. Ili usachi vizuri inabidi ujue kitu kidogo tayari, ndo maana kwangu mimi kuelewa somo na kuelewa mtandao sioni kama ni vitu viwili tofauti.

Kuna utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, huwa naurudia kila nikikutana na walimu. Walichukua watu 45, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho hicho, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari, wakawaangalia wanavyopima websaiti wasizozifahamu. Kazi mojawapo ilikuwa kulinganisha chama kikubwa cha zamani cha madaktari wa watoto na kikundi kidogo kilichojitenga nacho, majina yanafanana na kurasa zote zinapendeza. Wahakiki wote waliona kipi cha kuaminika. Wanahistoria kadhaa na wanafunzi wengi walibabaika, kwa sababu walibaki ndani ya ukurasa ule ule wanausoma kwa makini, wanaangalia nembo, lugha, marejeo chini. Wahakiki wao hawakukaa, dakika chache tu wametoka wamefungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasema nini kuhusu hicho kikundi. Fikiria, wasomi wa uzamivu! Sisi walimu tunasisitiza soma kwa makini, soma mpaka mwisho, na kwenye kitabu ni sawa, ila mtandaoni kabla hujausoma ukurasa kwa makini uliza kwanza umeandikwa na nani, na usimuulize mwenyewe.

Na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 kazi imeongezeka maana sasa mara nyingi hakuna hata ukurasa wa kutoka, kuna jibu tu lenye lugha nzuri. Wanafunzi wengi hawajui kwamba programu hizi zinaunda maneno kwa kukadiria ni neno gani lifuate, kwa hiyo zinaweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa kwa sauti ile ile ya kujiamini. Sipendekezi wanyang'anywe. Napendekeza waonyeshwe, darasani, mwalimu aulize mbele yao kitu wanachokijua vizuri halafu wao wasahihishe majibu.

Mimi nilichobadilisha ni utaratibu wa kazi za nyumbani. Kabla hujashika simu unaandika unachodhani, hata kama ni kosa, na kosa halikatwi maksi kabisa. Halafu unasachi, na unaandika ulitoka ukurasa upi ukaenda upi na kwa nini. Mwisho unafunga kila kitu unaeleza kwa maneno yako bila kuchungulia. Hiyo hatua ya mwisho wanaichukia kweli, lakini wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, ila wiki ikipita waliojipima bila kuangalia ndo waliokumbuka zaidi.

Kwenye swali la gogo nawapa na kisa cha Jan Baptist van Helmont, wa huko ambako leo ni Ubelgiji. Alipanda mche kwenye udongo wa kama kilo 90 alioupima, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua kama gramu 57. Akahitimisha mti wote ni maji. Kipimo sahihi, hitimisho halijatimia, na huyu ndiye aliyelianzisha neno gesi, hewa inayotoka mkaa ukiungua, ndo hiyo hiyo hewa ukaa, alikuwa anaifahamu kabisa, ila hakuiunganisha na mti wake. Kisa chake kilichapishwa 1648.

Muhula uliopita binti mmoja, alikuwa ameandika udongo kwenye sehemu ya unachodhani, alinifuata baada ya kipindi. Akaniuliza, mwalimu, kama mti umetengenezwa na hewa, sasa tukichoma kuni ile hewa ndo inarudi? Nikamwambia nenda kasachi, ila kabla ya kusachi andika unachodhani. Akakaa pale pale kwenye ngazi, akatoa daftari.