Ngama: yanakorudi maji, na anakorudi mtu

"Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wanaoisema ni wengi, walioinama wakachungulia ngama yenyewe ni wachache.

Tezi ni nyuma ya chombo cha baharini, kwa mshika usukani; omo ni mbele. Ngama ni uwazi wa chini kabisa tumboni mwa chombo, juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini. Maji yaingiayo, ya mawimbi au ya kalafati (pamba izibayo nafasi za mbao) iliyochoka, hutambaa chini ya mataruma, yaani mbavu za chombo, mpaka humo, na humo ndimo hufuliwa, yaani huchotwa yakamwagwa nje.

Hutambaa iwapo njia iko wazi. Kila taruma linatakiwa liwe na kijitundu chini, na mashua zetu za Amu (Lamu) zinabeba farumi, uzito wa kukituliza chombo, ya magunia ya mchanga. Gunia likivuja, mchanga huziba vitundu. Maji hubaki omo, ngama ikaonekana kavu, na chombo kikawa kinachomeka kichwa kila wimbini huku usukani ukipungua nguvu. Basi pitisha kijiti kila kitundu kabla ya kupakia. Lita 200 za maji ni kilo 200, tena hazitulii: chombo kikilala, zote hukimbilia upande wa demani, ule usiokabili upepo, kikazidi kulala.

Ukikuta maji, onja. Yakiwa baridi, yaani hayana chumvi, ni ya mvua. Yakiwa ya chumvi, fua mpaka mkuku uonekane, kiache chombo nangani usiku kucha, asubuhi upime kwa chaki kwenye taruma. Kilichokaa ufukweni miezi huvuja siku za mwanzo, mpaka mbao zivimbe. Usikimbilie patasi: pamba ikishindiliwa sana katika mbao kavu, zikivimba husukumana na kulegeza misumari. Kisipokoma, ngojea bamvua, maji yakijaa sana, kipandishe, kitie magadi ya kukiegemeza, ukalafati upya kwa pamba iliyolowa mafuta.

Sasa methali. Ngamani hufasiriwa nyumbani, na ni sawa. Ila ngama inanuka: mna magamba ya samaki, mafuta ya injini, maji yaliyolala. Kumtolea methali hii kwa bashasha ndugu aliyetoka ughaibuni ni kuipunguzia makali. Inamfaa zaidi aliyeidharau kazi ya babake, akazunguka miji, kisha akaonekana tena gatini akishusha mawe. Nayo aghalabu husemwa na mkubwa kwa mdogo. Kijana akimwambia mzee wake, huenda ikaonekana utovu wa adabu.