Pointa isiyo NULL si lazima iwe nzima

Vijana wengi wa Mwanza wanaojifunza kuandika majaribio ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux huamini kwamba funsheni ikirudisha pointa (thamani inayoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) isiyo NULL, yaani isiyo tupu, basi imefaulu. Sivyo. Gunia la pale soko la Mwaloni kutokuwa tupu hakuthibitishi kwamba ndani mna dagaa.

Funsheni nyingi za kerneli zikishindwa hazirudishi NULL. Hurudisha namba ya kosa iliyovishwa sura ya pointa kwa funsheni ya ERR_PTR. Kumbukumbu ikikosekana, kwa mfano, kosa ni ENOMEM, yaani 12, na kinachorudi ni -12 iliyogeuzwa anwani. Hila hii inawezekana kwa sababu thamani 4095 za mwisho kabisa za anwani hazitumiki kwa data halali. Funsheni ya IS_ERR huangalia tu kama pointa imeangukia humo. Kwa hiyo KUNIT_EXPECT_NOT_NULL, ukaguzi wa KUnit (mfumo wa majaribio wa kerneli) unaodai tu pointa isiwe NULL, itaipitisha -12 bila kusita, halafu mstari unaofuata ukiigusa, kerneli inaweza kuanguka.

Wengine hukimbilia IS_ERR peke yake. Nayo ina tundu: kwake NULL si kosa.

Katika KUnit tumia KUNIT_ASSERT_NOT_ERR_OR_NULL, inayoziba pande zote mbili. Na iwe ASSERT, maana EXPECT huripoti kosa kisha huacha jaribio liendelee na pointa ileile mbovu. (Nje ya majaribio, mimi sipendi IS_ERR_OR_NULL kumwagwa kila mahali; mara nyingi ni dalili kwamba mwandishi hakusoma funsheni inarudisha nini.) Kwa kunit_kzalloc, inayoliombea jaribio kumbukumbu na ambayo ikishindwa hurudisha NULL tu, KUNIT_ASSERT_NOT_NULL inatosha.