Je, wajua kwa nini kikombe cha kunyonya huachia kioo wakati wa baridi kali?

Asubuhi moja ya Januari mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, tulisimama mafundi wanne wa madirisha mbele ya kioo cha dirisha chenye urefu wa mita 2 na upana wa mita moja na nusu. Nje palikuwa na baridi ya nyuzi 14 chini ya sifuri. Kila mmoja alibandika kikombe chake, kile kishikio cha mpira chenye pampu ndogo pembeni, akapampu mpaka mstari mwekundu wa pampu ukazama ndani. Mstari ukizama, maana yake hewa imetoka na kikombe kimeng'ata. Tukanyanyua. Hatua ya tatu nikahisi uzito unanikimbia: mkono wangu uko palepale, lakini kioo kinashuka polepole kama sabuni iliyolowa.

"Tueni chini, vijana wangu. Taratibu," akasema mzee wetu wa kazi.

Tukakitua juu ya mbao. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Kilichonishangaza ni kwamba mstari mwekundu haukuwa umetoka. Ombwe, yaani ile nafasi iliyotolewa hewa, lilikuwa bado limo. Sasa kilichoachia ni nini?

Wengi wetu hudhani kikombe kinavuta kioo. Hakivuti. Kazi yote inafanywa na hewa iliyotuzunguka, ambayo husukuma kila kitu kwa nguvu ya karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba. Ukiiondoa hewa iliyo chini ya mpira, ya nje inabaki kusukuma peke yake. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita mraba 314. Ukitoa robo tatu tu ya hewa yake, kinabanwa kwenye kioo kwa nguvu inayozidi kilo 230.

Ni nguvu nyingi, lakini angalia inaelekea wapi. Inaukandamiza mpira kwenye kioo, haiinui chochote. Kioo kikiwa kimesimama wima, uzito wake unavuta kwenda chini, na kinachokizuia kisiteleze ni msuguano wa mpira na kioo, basi. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Chetu kilikuwa cha tabaka mbili, kila tabaka milimita 6, kwa hiyo kilikuwa na kilo 90. Pitisha utando mwembamba wa barafu kati ya mpira na kioo, na zile kilo 230 zitaendelea kukandamiza kama kawaida, ila sasa zinakandamiza kitu kinachoteleza. Ndiyo sababu mstari mwekundu ulitulia huku kioo kikienda zake.

Na siku hiyo hakukuwa na theluji inayoanguka. Utando ulitoka wapi? Mimina maji ya baridi sana kwenye gilasi ukiwa Dar es Salaam, uiweke mezani. Baada ya dakika chache gilasi inatoka jasho, kwa sababu unyevu wa hewani umekutana na kitu cha baridi. Kioo chetu kililala ndani ya gari usiku kucha. Asubuhi tulikiingiza ukumbini penye joto ili tukisafishe, kikatoka jasho. Tukakirudisha nje, jasho likaganda. Ikawa sakitu nyembamba ambayo huioni ukikitazama kioo uso kwa uso. Inabidi uinamishe kichwa, ukiangalie kwa upande, mwanga ukipita juu yake. Hata pumzi ya fundi anayehema karibu na kioo inatosha kuileta. Wapo pia wenye mazoea ya kuulowesha mpira kwa mate ili ushike. Kwenye baridi kama ile, mate hayo yanaganda kabla kioo hakijafika kwenye fremu.

Dawa yake ni kukifuta kioo hukohuko nje, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti, kisha kwa kitambaa kikavu. Usikipulizie hewa ya moto kwa haraka. Kioo cha kawaida kikipata tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya sehemu yake ya katikati na ukingo, kinaweza kupasuka chenyewe.

Mpira nao hukakamaa. Mdomo wake unakuwa mgumu, haulali vizuri juu ya kioo, na hewa inajipenyeza. Mzee wetu huweka vikombe vyake mbele ya gari penye joto mpaka dakika ya kuvitumia. Halafu ana jambo moja ambalo haliachi: anainua kioo sentimita chache tu kutoka chini, anasubiri, anautazama mstari, anautazama mpira kama umesogea. Mwanzoni nilidhani anatuchelewesha.

Baada ya vikombe, kinachofuata kupoteza mshiko ni vidole. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, ustadi unapungua. Skrubu inadondoka, fundo halifungiki. Ikikaribia nyuzi 8 ganzi inaingia. Ukingo wa kioo kilichokatwa ni wembe, na nimemwona mwenzetu akiendelea na kazi huku glavu yake inalowa damu, hana habari. Baridi ilikuwa imemnyang'anya maumivu, na maumivu ndiyo yangemwambia asimame. Tangu hapo navaa glavu mbili, nyembamba ya joto ndani na ya kuzuia kukatwa nje, na naingia ndani kupasha vidole kabla havijaanza kufa ganzi.

Upepo unazidisha yote hayo. Kwa kanuni inayotumika Marekani na Canada tangu 2001, nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huiumiza ngozi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini kwa mtu aliyeshika kioo kuna la kuogopa zaidi. Waliokulia pwani wanajua jahazi linavyoruka tanga likijaa. Upepo wa kilomita 36 kwa saa hukisukuma kioo kwa zaidi ya kilo 6 kwa kila mita mraba, yaani karibu kilo 20 kwa kioo kama chetu, na zinakuja kwa ghafla. Kasi ikiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Kama mko kwenye ngazi au jukwaa, hapo hakuna mjadala: kioo kinarudi chini. Kanuni za usalama za Marekani zinataka kinga ya kuanguka kwenye ujenzi kuanzia kimo cha mita 1.8, majira yoyote, ila hazina kiwango maalumu cha baridi cha kusimamisha kazi. Kwa hiyo naamini kila aliyeshika kioo, hata aliyeanza jana, lazima awe na haki ya kusema tushushe, na ashushiwe.

Chini miguuni, chumvi ya kuyeyushia barafu inakuwa dhaifu ikifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo tunamwaga mchanga. Ndani, hita ya gesi isiwashwe mahali palipozibwa pasipo na hewa. Moshi wake wa sumu hauna harufu. Na tunatoa dirisha moja, tunaweka moja, ndipo tunagusa la pili. Nyumba yenye matundu matano mwezi wa Januari inamfanya kila mtu akimbilie kumaliza.

Silikoni, ile gundi ya kuzibia kioo kwenye fremu, nayo inataka fremu kavu. Ukiipaka juu ya sakitu, imeshika sakitu, haijashika fremu.

Kile kioo chetu tulikifuta upya, tukapasha vikombe, tukakiweka kabla ya saa sita mchana. Mpira wa kikombe huacha alama ambayo huioni mpaka kioo kiingie ukungu. Kwa hiyo siku ambayo mwenye nyumba ile atachemsha maji jikoni na dirisha likapata mvuke, ataona duara nne zimejitokeza, na moja kati ya hizo ina mkia mfupi unaoelekea juu.