Mtoto wa lugha mbili: anza kwa kuhesabu saa

Wazazi wanaotaka mtoto wao azungumze lugha mbili huwa na hofu moja: asije akachanganyikiwa. Hatachanganyikiwa. Kinachotokea mara nyingi ni kingine, nacho huja kimyakimya: mtoto anakua akizielewa lugha zote mbili, lakini anazungumza moja tu. Mwaka 2007 mtafiti Annick De Houwer alichapisha matokeo ya uchunguzi wa familia karibu 1,900 za eneo la Flanders, Ubelgiji, ambamo mzazi mmoja au wote wawili walizungumza nyumbani lugha isiyo Kiholanzi. Karibu robo ya familia hizo zilikuwa na watoto wasioizungumza lugha hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mbinu yoyote, chukua karatasi na kalamu. Mtoto wa miaka 2 hulala takriban saa 12 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Anabaki macho saa 12, yaani 84 kwa wiki. Tuseme baba peke yake ndiye anayezungumza naye Kiswahili. Mama, majirani na walimu wa chekechea wote wanatumia Kifaransa. Baba hukaa na mtoto saa 1 kila siku ya kazi, na saa 5 kila siku ya mwisho wa wiki. Jumla ni saa 15, chini ya moja ya tano. Kwa kiasi hicho mtoto ataelewa mengi, ila yaelekea atajibu kwa Kifaransa. Sisi hushauri kulenga angalau robo, yaani saa 21. Zimepungua 6, na zinapatikana. Baba akimwamsha, akimvisha na kumlisha asubuhi, dakika 45 kwa siku 5, ni saa 3 na dakika 45. Bibi au shangazi akija kucheza naye dakika 45 mara 3 kwa wiki, zilizobaki zimetimia. Tena sauti ya mtu wa pili ina faida yake, maana mtoto anagundua kwamba Kiswahili si lugha ya baba tu.

Televisheni usiiingize katika hesabu hiyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha jambo hili kwa watoto wa miezi 9 nchini Marekani. Waliochezewa na kusomewa ana kwa ana kwa Kichina, vipindi 12 vya dakika 25 hivi, walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa mambo hayohayo kwenye skrini hawakujifunza.

Mbinu inayojulikana zaidi ni ya kila mzazi na lugha yake. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat aliifuata kwa mwanawe, mama akitumia Kijerumani na baba Kifaransa, na mwaka 1913 akachapisha kumbukumbu zake. Ni mbinu nzuri, lakini isigeuzwe sheria. Kama wazazi wote wawili wanaijua lugha isiyosikika mtaani, ni bora waitumie wote nyumbani. Ile ya mtaani mtoto ataipata shuleni na kwa wenzake.

Zaidi ya saa, tazama unavyomjibu. Mtoto ananyoosha kidole kwenye maji na kuyataja kwa Kifaransa. Baba akimpa papo hapo, mtoto amejifunza kwamba neno la Kiswahili halihitajiki. Afadhali aulize kwa upole, "Unataka nini?" Akikwama: "Unataka maji, au unataka kikombe?" Sasa neno liko masikioni mwake, na kazi iliyobaki ni kulichagua. Usimkaripie, wala usimnyime maji hadi atamke; lugha iliyofungamanishwa na adhabu huachwa mapema.

Kuchanganya lugha si kasoro. Mtoto wa miaka 3 anayesema "dada anadansi" amechukua kitenzi cha Kifaransa na kukipachika viambishi sahihi vya Kiswahili, kila kimoja mahali pake. Hiyo ni sarufi inayofanya kazi. Mrudishie tu sentensi: "Ndiyo, dada anacheza."

Kuhusu kuchelewa kusema, hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Mtoto wa miezi 24 mwenye maneno 30 ya Kiswahili na 25 ya Kifaransa ana 55, na hayuko nyuma. Mpeleke kwa mtaalamu ikiwa hatoi silabi kama "bababa" afikapo miezi 12, hana neno lolote kwa miezi 16, haunganishi maneno mawili kwa miezi 24, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, umri wowote. Kipimo cha kwanza kiwe cha masikio. Nenda na orodha ya maneno yake katika kila lugha, kwa sababu anayempima huenda anajua moja tu. Na ukishauriwa kuiacha lugha yako ili asichelewe zaidi, usikubali: kuwa na lugha mbili hakusababishi tatizo la usemi, na hata watoto wenye usonji au ugonjwa wa Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili) huweza kujifunza mbili. Mzazi anayeiacha lugha aliyoizoea huanza kusema naye kwa sentensi fupifupi na za kubabaisha, wakati ambapo mtoto huyo anahitaji maneno mengi zaidi.