Tairi pana nyuma: pima gurudumu kabla hujakata bodi

Wenye Toyota Altezza wengi hapa Arusha wanatuuliza jambo moja: wanataka tairi pana nyuma, madigadi yaliyotuna na bampa ya faibaglasi. Hilo halina ubaya. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hunufaika kweli likiwa na mpira mwingi zaidi unaoshika lami, na Porsche 911, ambayo injini yake iko nyuma kabisa, imetoka kiwandani kwa miongo mingi ikiwa na tairi za nyuma pana kuliko za mbele. Kinachotusikitisha ni mpangilio wa kazi. Gari linaanzia kwa fundi bodi, grenda inakata, halafu ndipo mwenye gari anatafuta rimu ya kujaza nafasi iliyokwisha kukatwa. Anza na tairi, fuata rimu, bodi iwe ya mwisho.

Wenye Subaru zinazoendeshwa na magurudumu yote manne wasipanue nyuma peke yake. Tairi za mbele na za nyuma zikitofautiana kimo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipumziki hata barabara ikiwa imenyooka. Inapata joto na mwisho wake ni kuungua. Ukitaka kupanua, weka zote nne za saizi moja na zilizochakaa sawa.

Turudi kwenye Altezza. Nyingi za toleo la RS200 zilikuja na tairi 215/45 R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hiyo ina kimo cha milimita 625. Ukiweka 245/40 R17 unapata 628, tofauti ambayo gari halitaihisi. Lakini dukani utaambiwa ipo 245/45, "ni ileile tu". Si ileile. Hiyo ina milimita 652, imezidi kwa zaidi ya asilimia 4, na ABS, mfumo wa breki wa kuzuia magurudumu yasijifunge, unaolinganisha mizunguko yake, utaanza kusoma tofauti isiyokuwepo. Kama ni tairi ya mtumba, tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kwenye rimu, watu wanaangalia upana na kusahau ofseti, ile namba ya ET: umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye habu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Rimu ya inchi 7 yenye ET50 ukiibadilisha kwa ya inchi 8.5 yenye ET50 hiyohiyo, inaongezeka milimita 19 kwenda ndani, kwenye shokapu, na 19 kwenda nje. Ukichukua ET31, upande wa ndani unabaki palepale na milimita zote 38 zinatoka nje. Hapo ndipo madigadi yanapohitaji kupanuliwa, na hapo ndipo beringi inapoanza kubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu gurudumu limesogea mbali nayo. Tundu la katikati nalo likae sawasawa kwenye habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa; la Toyota hii ni milimita 60.1. Likiwa kubwa, tumia ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka.

Sasa kipimo chenyewe. Funga gurudumu jipya, paka chaki nzito ndani ya ukingo wa madigadi, pakia watu wazima wanne, kisha pita polepole kwenye matuta. Gari likiwa tupu limeegeshwa halikuambii chochote. Shuka utazame chaki imefutika wapi: hapo ndipo pa kukunja au kukata, na kwingine pote paache.

Ukingo wa madigadi ya nyuma ni bati mbili, ya nje na ya ndani, zilizounganishwa kwa nukta za kuchomelea. Ukikata kupita muungano huo, zinaachana. Ni lazima zichomelewe upya mzunguko mzima, zipakwe praima ya kuzuia kutu na kuzibwa. Fundi anayefunika pengo hilo kwa faibaglasi na puti anakuuzia kutu: maji ya masika yataingia, yatakaa humo, na bati litaoza karibu na mahali shokapu inaposhikiliwa. Nasema hili kwa uzito wote, maana rangi ikishapigwa huwezi kuliona.

Faibaglasi nayo inafuata hali ya hewa. Resini ya poliesta, ile gundi inayoshika nyuzi zake, hugandishwa kwa kichocheo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai inaichelewesha, na fundi mwenye haraka huzidisha kichocheo. Kipande kinachemka, kinajipinda, kinapasuka. Mjini Moshi, kwenye joto, kipimo kilekile kinaweza kuganda kabla hujamaliza kulaza matabaka. Changanya kidogo kidogo, na vaa barakoa ya kemikali.

Tairi pana nyuma peke yake hufanya mbele ianze kuteleza kwanza kwenye kona. Kwa dereva wa kawaida hilo ni afadhali kuliko nyuma kuponyoka, lakini kwenye mvua tairi pana huelea juu ya maji mapema zaidi, kwa hiyo punguza mwendo. Iarifu kampuni yako ya bima kabla ya kazi kuanza, si baada ya ajali.

Nati zikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103 kwa Altezza, bila kurukia spana kwa mguu. Ukishaendesha kilomita 80 hivi, kama kutoka Arusha hadi Moshi, acha magurudumu yapoe kisha uzikague tena kwa spana hiyohiyo.